Vistari Viwili na Kitabu cha Hesabu

Tarehe 4 Machi

Dada Mnara,

Shikamoo. Huku hatujambo. Jirani amemwambia Mama kwamba kwenye ile picha ya mwisho umekonda, kwa hiyo Mama anasema ule, shemeji asije akadhani alioa mti wa bendera. Mimi ni mjumbe tu, usininunie.

Sasa kaa kitako, nina habari. Mpangaji kurasa wetu hapa kiwandani ameacha kazi. Aliaga asubuhi, mchana kiti chake kikawa kitupu. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha ile programu uliyotuandikia, ya kugeuza faili ya kitabu iwe nukta nundu. Bila yeye mashine zetu zimekaa kimya kama zimefiwa, na fundi wa mitambo, yule tunayemwita Spana, anazunguka akizipaka mafuta zisiyoyahitaji.

Na imetokea wakati mbaya. Bodi ya vitabu vya shule inatafuta kiwanda cha kuchapa kitabu cha hesabu cha wanafunzi wasioona. Hesabu, Dada! Unakumbuka mimi nilivyosoma hesabu? Wenzangu wanaoona walipewa vitabu siku shule inafunguliwa, changu kikaja tumebakiza mitihani. Mwaka mzima nilisoma kwa kunong'onezewa na jirani yangu wa dawati, naye hesabu hajui. Mkurugenzi ameomba kazi hiyo. Bodi watakuja kutujaribu: watatupa sura moja, watatuambia papo hapo wanaitaka kwa mpangilio gani, tuichape wakisikia.

Jana nikasema nijaribu mwenyewe kuendesha programu. Nikavaa visikilizi, kisoma skrini kikaniambia kiko tayari, nikaandika amri kwenye mstari mmoja kama ulivyonionyesha zamani: jina la programu, jina la faili, halafu vistari viwili na chaguo ninalotaka. Nilitaka karatasi ichapwe pande mbili. Kidole kikateleza, badala ya --pande nikaandika --pade. Unajua programu yako ilifanyaje? Ilinyamaza. Haikuuliza, haikugoma, ikajifanya imeelewa. Spana akawasha mashine, na rundo zima la karatasi nzito likatoka limechapwa upande mmoja. Mkurugenzi hakunigombeza. Alishusha pumzi tu. Afadhali angetukana.

Programu yako inahitaji kutengenezwa, hasa namna inavyopokea machaguo. Unasemaje?

Mdogo wako,
Chiriku


Tarehe 9 Machi

Kwako Chiriku,

Marahaba mdogo wangu. Mwambie Mama sijakonda, ni lifti ya jengo letu imekufa na mimi nakaa ghorofa ya sita. Napanda na mifuko ya sokoni, shemeji yako anapanda nyuma yangu akilalamika kwa niaba ya wote wawili.

Pole kwa lile rundo la karatasi. Ile programu niliiandika nikiwa likizo hapo nyumbani, Mama akiniuliza kila baada ya dakika tano kama nimekula. Najua ina viraka.

Nina wazo. Huyo mtu mpya atakayeajiriwa hana haja ya kuhangaika na kuandika amri na vistari. Nitamtengenezea dirisha safi kwenye skrini, lenye vitufe vikubwa vya rangi: kijani kuanza, chekundu kusimamisha, na kisanduku cha kuchagua pande. Anabonyeza kwa kipanya, mambo kwisha. Hapo hakuna cha kukosea herufi. Kazini wananikimbiza kama mwizi, lakini nipe mwezi hivi.

Wewe endelea na uhakiki wako wa kurasa zilizochapwa. Vidole vyako ndivyo vinavyokiweka hicho kiwanda hai.

Nakupenda,
Mnara


Tarehe 10 Machi

Dada,

Shikamoo. Kisoma skrini kilipofika kwenye “vitufe vikubwa vya rangi”, Mama aliacha kukunja nguo, akacheka mpaka akakalia kapu. Mimi sikucheka.

Kijani kwa ajili ya nani, Dada? Kipanya nikipeleke wapi?

Hakuna mtu mpya. Mtu mpya ni mimi. Nimeshamwambia Mkurugenzi nitaendesha programu, naye amekubali, kwa kusitasita, lakini amekubali. Na sikukuomba dirisha. Mstari wa amri ndio mahali pekee kwenye kompyuta ambapo mimi na mtu anayeona tunakaa sawa. Maneno yanaingia, maneno yanatoka. Hakuna cha kutafuta, hakuna picha inayoruka. Usininyang'anye.

Nimefanya jambo jingine. Nimeifungua programu yako nikaisoma yote, mstari kwa mstari, kwa kidole kwenye kile kibao cha nukta kinachoinua maneno ya skrini. Zile nafasi za mwanzo wa mistari nimeziwekea sauti: mstari ukiingia ndani, filimbi inapanda. Yako inalia kama birika linalokaribia kuchemka.

Sasa sikiliza nilichokiona. Umeigawa programu katika sehemu tatu, zile ulizonifundisha kuziita klasi. Kitabu anashughulikia sura na orodha ya yaliyomo. Ukurasa anapanga herufi kwenye mistari. Mashine anatuma nukta kwenye chuma. Mpango mzuri, sina neno. Lakini kila mmoja anakwenda mwenyewe mlangoni kusoma amri niliyoandika, na kila mmoja anarudi na lake! Nisipotaja mistari ya ukurasa, Ukurasa anajiamulia ishirini na tano, Kitabu anajiamulia ishirini na saba. Ndiyo maana orodha ya yaliyomo ya kitabu cha jiografia ilisema mito iko ukurasa wa arobaini, watoto wakifungua wanakuta majangwa. Tulimlaumu mpangaji kurasa bure, maskini.

Naijenga upya. Mlangoni atakaa mmoja tu. Atasoma machaguo yote mara moja, ayahakiki, akiona asilolielewa akatae kwa sauti, halafu awape wenzake wanachohitaji. Wengine watatu wasijue kabisa kama kuna mlango.

Chiriku


Tarehe 15 Machi

Mdogo wangu,

Kuhusu vitufe vya rangi, nimeona haya. Umeshinda hapo.

Na kuhusu klasi zangu tatu umesema kweli tupu. Mtu ninayemsimamia kazini angeniletea programu kama ile ningemrudishia kabla hajakaa.

Lakini kuona kosa na kuijenga upya programu nzima ni mambo mawili. Unajua kuliko mimi kwamba kwenye nukta nundu tarakimu zinatumia nukta zilezile za herufi, zinatofautishwa na alama ya namba iliyo mbele yake. Iteleze alama hiyo moja tu, na tatu inasomeka c. Kitabu kizima cha hesabu kinageuka porojo, mbele ya bodi. Mtu mwingine akikosea watasema programu ina kasoro. Wewe ukikosea watasema, si mnaona, haoni. Sitaki wakuseme hivyo. Nimewasikia watu wakikusema tangu ukiwa mdogo, wewe ukidhani hawasemi.

Kwa hiyo acha. Nitaitengeneza mwenyewe nikipata nafasi. Upande wa Mkurugenzi usijali, mambo yatapangika.

Mpe Mama busu.

Mnara


Tarehe 2 Aprili

Dada,

Leo Mkurugenzi aliniita ofisini. Nikasikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe muda mrefu, nikajua kuna jambo.

“Dada yako ni mtu mwema sana,” akaanza.

Nikasema ndiyo.

“Alinipigia simu mwezi uliopita. Alinishauri nitafute mtaalamu wa programu kabla ya jaribio la bodi. Mtu anayeona. Alisema wewe ubaki kwenye uhakiki, usibebeshwe mzigo.” Kijiko kikasimama. “Na mimi nikaona ana hoja. Kesho nawahoji watu wawili.”

Dada, siku hizohizo si ulinipigia na mimi simu? Tuliongea nini? Viatu vya Mama?

Nimemwambia Mkurugenzi awahoji anaotaka. Nimemwomba kitu kimoja: siku ya kuamua, waiwashe programu yao na mimi niwashe yangu, faili moja, Spana awe mwamuzi. Akafikiri, akasema sawa.

Programu yangu imekaribia kukamilika. Nilitaka iwe zawadi ya kukushangaza. Haya, shangaa.

Mdogo wako


Tarehe 20 Aprili

Chiriku,

Nimeiandika barua hii mara nyingi na kuifuta. Hujapokea simu zangu, na Mama akipokea anasema upo kazini, hata Jumapili. Mama hajui kudanganya, anakohoa kwanza.

Nilimpigia Mkurugenzi kwa siri. Nilikosea, na kibaya zaidi ni ile siri. Sitalizungusha.

Shemeji yako aliniuliza, “Huyu angekuwa mmoja wa watu wako kazini, akakwambia amejenga programu upya, ungempigia bosi wake simu?”

Nikasema, “Ningemwambia aniletee niione.”

“Sasa?” akasema, akaendelea kumenya viazi.

Mama alinipa mkono wako siku yako ya kwanza ya shule akasema usimwachie. Sikukuachia. Wewe ndiye uliyeniachia, pale kwenye kona ya duka la viatu, ukaniambia, “Rudi nyumbani, kuanzia hapa nasikia kengele.” Ulikuwa hujafika hata kiunoni kwangu. Nilirudi nyumbani nikilia, lakini naona sehemu fulani yangu haikurudi, bado imesimama pale kwenye kona inakungoja.

Niletee programu yako niione. Sitakuhurumia. Nitaikagua kama ninavyowakagua wangu, na wangu wananiita Sindano nikigeuza mgongo.

Dada yako


Tarehe 22 Aprili

Dada Sindano,

Shikamoo. Mama amefurahi umeandika. Amekohoa wiki nzima kwa ajili yetu, kifua kinamuuma.

Faili hii hapa, imeambatanishwa. Nami nakueleza ilivyo, maana nataka kujisifu na sina wa kumringia. Spana anaitikia tu “safi” kwa kila kitu.

Kuna klasi mpya, nimeiita Machaguo. Huyu ndiye peke yake anayesoma amri. Kila chaguo limeandikwa kwake mara moja: jina lake, aina ya thamani inayokubalika, thamani ya kawaida mtu asipolitaja, na maelezo mafupi. Ukiandika --msaada anakusomea yote kwa maneno yaleyale, kwa hiyo maelezo na kazi haviwezi kupingana. Ukikosea anakataa kabla hajagusa faili, na anakwambia ulichokosea kwa sentensi ya mtu, si kwa namba. Mimi nasikiliza majibu ya kompyuta kutwa nzima, nimechoka kuongeleshwa kama friji.

Pia nimeongeza --jaribio. Ukiliandika, programu inafanya kila kitu isipokuwa kuchapa, halafu inataja kurasa zitakuwa ngapi na karatasi ngapi. Mkurugenzi amelipenda hilo kuliko mimi mwenyewe.

Na wale wawili waliohojiwa? Mmoja alisema tununue kompyuta mpya zote. Mwingine aliahidi kutengeneza dirisha lenye vitufe. Mkurugenzi akaniita kuniuliza dirisha hilo mimi nitalitumiaje. Nikamwambia amuulize mgeni. Mgeni akauliza, “Kwani yeye ndiye atakayelitumia?”

Kiti bado kitupu, Dada. Na lile shindano la programu limekosa mpinzani. Bodi wanakuja katikati ya mwezi ujao. Choma sindano.

Chiriku


Tarehe 27 Aprili

Chiriku,

Nimeipiga programu yako mawe ofisini mchana kutwa, badala ya kula.

Nikaandika --upana nikaacha bila namba. Ikanijibu: “Umetaja upana lakini hujaniambia herufi ngapi kwa mstari.” Nikaandika upana wa herufi mbili. “Herufi mbili hazitoshi hata neno ‘moja’. Anzia kumi.” Nikacheka peke yangu, wenzangu wakageuka. Nikaandika --pade makusudi. “Silijui chaguo --pade. Ulitaka kusema --pande?”

Hapo sikucheka. Niliinuka nikaenda kunywa maji.

Sasa yaliyonikera. La kwanza, majina ya thamani zako unayabadilishabadilisha, mara “upana”, mara “urefu_mstari”. Chagua moja. La pili ni kubwa. Nilijaribu kuandaa vitabu viwili ndani ya programu moja, kimoja cha mistari mipana, kingine miembamba. Vyote viwili vikatoka vipana. Nikatafuta, nikamkuta mwizi: Mashine. Umemfungia mlango mkubwa lakini umemwachia dirisha la jikoni. Kwenye mstari wake wa mwisho kabisa bado anachungulia amri mwenyewe badala ya kusubiri apewe. Kila kitu unachokiunda kutoka kwenye klasi kipewe machaguo yake mkononi kinapozaliwa, kisiyatafute nje. Ukilirekebisha hilo unaweza kuunda vitabu kumi pamoja, kila kimoja na mpangilio wake, visigombane.

Mtu wangu angeniletea kazi hii ningemwambia: rekebisha mawili hayo, halafu njoo nikupe kazi ngumu zaidi. Hilo kwangu ndilo sifa ya juu kabisa. Waulize.

Mnara


Tarehe 18 Mei

Dada! Dada! Dada!

Shikamoo kwanza, nisije nikaambiwa nimekosa adabu kwa sababu ya furaha.

Wamekuja. Walikuwa watatu: mwenyekiti, mama wa sauti nzito anayetembea kwa viatu vya kisigino kigumu, karani wake, na mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari, mzee kidogo, fimbo yake nyeupe ikigonga miguu ya viti vyetu moja baada ya nyingine. Haoni, kama mimi. Huyu hatadanganywa na karatasi nzuri, nikajua.

Wakampa Mkurugenzi faili ya sura ya sehemu na desimali. Chumba cha mashine kikajaa. Spana alikuwa amevaa shati jipya, linalia kila anapoinua mkono.

Mwenyekiti akasema, “Herufi arobaini kwa mstari, pande mbili.” Nikaandika. Nikaweka --jaribio kwanza, kompyuta ikatangaza kwa spika idadi ya kurasa, Mkurugenzi akashusha pumzi, lakini safari hii ilikuwa pumzi nyingine. Nikaliondoa, mashine ikaanza kunguruma.

Karatasi ya kwanza wakampa mwalimu. Nikasikia vidole vyake vikipita. Unajua sauti ile, kama mtu anapepeta unga kwa mbali. Akageuza. Akageuza tena.

Karani akataka naye kujaribu. “Niandikie mimi,” akasema, akanitajia chaguo la kufupisha maneno, herufi kwa herufi, kwa haraka, akaruka moja. Mimi nikaandika alivyosema, sikumsahihisha. Kompyuta ikasema mbele ya wote: “Silijui chaguo --ufupsho. Ulitaka kusema --ufupisho?”

“Imekataa,” karani akasema, kama mtu aliyekamata kosa.

“Imekataa ndiyo,” nikamjibu, “na hakuna karatasi hata moja iliyoharibika.”

Mwenyekiti akacheka, kicheko kizito kama sauti yake. Nikadhani tumemaliza.

Ndipo mwalimu akafungua mdomo. “Shuleni kwetu,” akasema, “tunatumia makabati mafupi. Vitabu vyetu ni vya mistari ishirini na miwili tu, na herufi thelathini. Kila kiwanda kinatuambia haiwezekani, au kinatuletea kitabu ambacho orodha yake ya yaliyomo inasema uongo. Mnaweza?”

Dada, mpangilio huo sikuwahi kuujaribu. Hata mara moja. Nikasikia shati la Spana likilia, ameshika kichwa. Mkurugenzi akaanza, “Tukipewa muda kidogo...”

“Tunaweza,” nikasema. Sijui nani alisema, lakini sauti ilikuwa yangu.

Nikaandika --mistari 22 --upana 30. Namba hizo zimekaa mahali pamoja tu sasa, kwa Machaguo, naye anawapa wenzake watatu mkononi, hata Mashine mwizi. Nikaziacha zipite. Mashine ikachapa. Spana akakata karatasi, akazipanga, akampa mwalimu.

Hakuanzia mwanzo, huyu mzee! Alikwenda moja kwa moja kwenye orodha ya yaliyomo. Akasoma kwa sauti: “Kugawanya desimali, ukurasa wa kumi na tisa.” Akahesabu karatasi kwa kidole gumba. Akafungua.

“Kugawanya desimali,” akasoma.

Akarudi kwenye orodha, akachagua nyingine. Ipo. Nyingine tena. Ipo. Halafu akasoma mstari wa tarakimu, kila namba na alama yake, haikudondoka hata moja.

“Nani amewaandikia programu hii?” mwenyekiti akauliza.

“Mimi,” nikasema. “Dada yangu aliianza, nikaijenga upya, yeye akaikagua, na si mtu wa huruma.”

Wakasema watatuletea majibu. Lakini mwalimu alipoombwa arudishe ile sura ya jaribio alikataa. Aliikumbatia kifuani. “Hii naondoka nayo,” akasema. “Kesho nina kipindi.”

Chiriku wako


Tarehe 19 Mei

Chiriku,

Nimeisoma nikiwa kwenye ngazi, ghorofa ya tatu, mifuko mikononi. Nilipofika “Ipo. Nyingine tena. Ipo.” niliweka mifuko chini nikapiga vigelegele, na kwenye jengo hili hakuna aliyewahi kunisikia hata nikikohoa. Mzee wa ghorofa ya nne alifungua mlango akauliza kama kuna harusi. Nikamwambia zaidi ya harusi. Akaninyanyulia mfuko mmoja.

Uliniambia nisikunyang'anye mstari wa amri. Leo asubuhi niliwaketisha watu wangu kumi, nikawaonyesha klasi yako ya Machaguo kwenye ukuta. Sikuwaambia ni ya nani. Mmoja, mjuaji wetu, akasema, “Huyu mtu majibu yake ya makosa yana adabu. Tunaweza kumwajiri?”

Nikasema nitamuuliza, ila nadhani ana kazi.

Mnara, dada anayejivunia mdogo wake


Tarehe 11 Juni

Dada,

Shikamoo. Nina haraka, mashine zote zinanguruma na Spana ananiita.

Tumepewa. Kitabu chote, shule zote, mipangilio yote, hata ule wa makabati mafupi. Mkurugenzi alitusomea uamuzi wa bodi akiwa amesimama juu ya kiti, hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Mimi nilisikia tu sauti yake ikitoka karibu na dari. Halafu akasema kiti kitupu cha mpangaji kurasa hakihitajiki tena, kwa sababu kuanzia leo kuna kitengo cha programu na mkuu wake ana meza yake mwenyewe. Nikauliza nani. Akasema, “Usinichoshe.”

Mama amevaa nguo yake ya sikukuu kwenda dukani kununua sabuni, ili watu wamuulize kuna nini.

Mkuu wa kitengo


Tarehe 9 Septemba

Dada Mnara,

Shikamoo. Barua yako ya jana imenifikia, na ndiyo, ukija likizo Desemba utakaa kwenye meza yangu na utakagua, lakini utaomba ruhusa kwanza.

Shule zilifunguliwa wiki iliyopita. Vitabu vilifika kabla ya wanafunzi. Kabla, Dada. Nilipiga simu shule moja moja kuhakikisha, nao waliniona msumbufu, sikujali.

Leo mchana simu ya ofisini ikalia. Alikuwa yule mwalimu wa hesabu mwenye fimbo. “Kuna tatizo kwenye kitabu chenu,” akasema.

“Mwanafunzi wangu mmoja wa kike anabishana na majibu ya nyuma ya kitabu,” akaendelea. “Zoezi la sehemu, swali la saba. Kitabu kinasema tatu ya nane. Yeye anasema tano ya nane, na hataki kushuka. Nimepiga hesabu mimi mwenyewe, nimepata kama yeye. Nadhani programu yako imehamisha nukta.”

Nikamwambia asikate. Nikafungua faili tuliyopewa na bodi, nikatafuta swali la saba kwa kidole kwenye kibao. Tatu ya nane. Nikamwita Mkurugenzi, akachukua kitabu cha kawaida cha wanafunzi wanaoona, kilichopigwa chapa kule mjini kwa wino, akanisomea jibu. Tatu ya nane. Nikapiga hesabu mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili, zote nikapata tano ya nane.

Nukta zetu hazikuhama. Waliokosea ni waandishi wa kitabu chenyewe. Kosa hilo limekaa kwenye vitabu vya kila mtoto nchini, wanaoona na wasioona, na aliyeligundua kwanza ni msichana anayesoma kwa vidole, wiki ya kwanza ya muhula, kwa sababu safari hii kitabu alikuwa nacho. Mkurugenzi yuko kwenye simu na bodi ninapoandika. Watasahihisha kwa shule zote.

Nilimwomba mwalimu ampe huyo msichana simu. Nikasikia viti vikiburutwa, halafu sauti nyembamba, yenye ubishi.

“Kwa hiyo nilikuwa sahihi?”

“Ulikuwa sahihi,” nikamwambia. “Kitabu kimekosea, wewe umepatia.”

Alipiga ukelele mmoja, na nyuma yake darasa zima likalipuka, meza zikipigwa, miguu ikipigwa, mwalimu akijifanya kuwanyamazisha. Nikaiweka simu kwenye spika, nikaongeza sauti mpaka mwisho, Spana akazima mashine zote, na kiwanda kizima tukasimama tukasikiliza.

Chiriku